Kasuku Aliyetutolea Salamu

Bismillahir Rahmanir Rahiim. Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Aliyeumba kila chenye roho na Akakipa riziki yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Kama ilivyo ada ya madrasa yetu, baada ya mitihani ya mwaka huu tuliwatembeza wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Safari hii tulivuka feri ya Likoni tukaenda Pwani ya Kusini, kwenye hoteli moja ya kitalii ambayo bustani yake ina ndege waliookolewa. Wenyeji wetu walitupokea vizuri, wakatutengea mahali pa kuswalia Adhuhuri, na watoto wakala chini ya mikwaju. Kwa hayo tunawashukuru. Lakini makala hii si ya kusimulia matembezi. Nimeiandika kwa sababu ya jambo lililotokea mbele ya kizimba kimoja, ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Tulipokikaribia kizimba hicho, kabla hata mmoja wetu hajafungua kinywa, tulisikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikituita: "Assalaamu alaykum! Karibuni, karibuni ndani!" Watoto waligeuka huku na huku wasione mtu. Ndani ya kizimba alikuwamo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kifua chake kitupu kama kuku aliyenyonyolewa, ngozi yote nje. Wanafunzi waliangua kicheko. Ni binti mmoja tu wa darasa la tano ambaye hakucheka. Alinishika mkono wa kanzu akaniuliza, "Maalim, tumjibu?"

Swali lake lilikuwa zuri, nikamjibu kama tulivyosoma. Wanazuoni wa fiqhi wamemtaja kasuku aliyefundishwa kusoma aya ya sijda. Wakasema mwenye kumsikia hasujudu kwa kisomo chake, kwa kuwa ndege huyo hakukusudia kusoma. Basi na salamu ni vivyo hivyo: haimlazimu mtu kumjibu ndege. Binti akaridhika. Aliyebaki na swali ni mimi. Nikamuuliza kijana anayewatunza ndege wale, "Nani kamfundisha salamu? Watalii hawasemi hivi."

Akanijibu, "La, Ustadh. Huyu katoka mjini, kwa watu wetu. Bibi aliyemfuga amefariki. Watoto wake hawakumuweza kwa kelele, wakamuweka uani peke yake. Huko ndiko alikoanza kujing'oa manyoya. Mwisho wakamleta huku. Hiyo sauti unayoisikia ndiyo sauti ya yule bibi, Mungu amrehemu."

Hapo na mimi kicheko kikaniisha.

WALIOKOLEWA KUTOKA WAPI?

Ndugu zangu, tunaposikia "ndege waliookolewa" huwa tunafikiri wameokolewa mbali, porini, mikononi mwa majangili tusiowajua. Siku ile niliwaambia wanafunzi waulize habari za kila ndege, na majibu yalitufedhehesha. Kasuku wa kijivu wote watatu walitoka majumbani. Kasuku wakubwa wawili wa buluu na manjano, ambao asili yao ni misitu ya Amerika ya Kusini, waliachwa na mgeni aliyerudi kwao. Mwewe alikatwa bawa na uzi wa tiara, hizi hizi tiara ambazo watoto wetu huzirusha wakati wa likizo na kuziacha zikining'inia mitini. Na bundi alivunjwa bawa kwa mawe na watoto waliokuwa wakimfukuza asilie juu ya paa.

Kuhusu bundi sitaki kupita kimya. Bado tuna watu wanaoamini kwamba bundi akilia juu ya nyumba basi mtu wa nyumba hiyo atakufa. Waarabu wa zama za ujahili nao walikuwa na itikadi ya namna hiyo kuhusu ndege, na Mtume (S.A.W.) aliikanusha waziwazi, pamoja na itikadi yote ya kuchukua nuksi kwa ndege, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Bundi ni kiumbe anayewinda panya usiku huku sisi tumelala. Mtoto anayempiga mawe hakuzaliwa na chuki hiyo. Ameisikia kwa wakubwa wake.

Basi ndege wale hawakuokolewa kutoka porini. Waliokolewa kutoka kwetu. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa uwazi katika kurasa hizi.

SAFARI YA KASUKU

Kasuku wa kijivu hajawahi kuwa ndege wa porini wa Pwani yetu. Kwao ni misitu mikubwa ya mvua, kuanzia Ghana na jirani zake huko magharibi, kupitia Kameruni na Kongo, hadi Uganda. Upande wa mashariki, makazi yake yalifika Msitu wa Kakamega hapa Kenya na msitu wa Minziro mkoani Kagera, Tanzania. Kwa hiyo kila kasuku wa kijivu unayemwona Mombasa, Malindi au Unguja, ima yeye mwenyewe aliletwa, ima waliletwa waliomzaa.

Huko kwao huishi kwa makundi, na jioni hukusanyika kulala pamoja kwa mamia. Dume na jike hushikamana. Jike hutaga ndani ya tundu la mti mrefu na kulalia mayai kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na dume ndiye anayemletea chakula. Makinda hukaa tunduni karibu miezi mitatu kabla ya kuruka. Ndege huyu, ambaye uzito wake ni kama nusu kilo, akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Yaani ukimnunua ukiwa na umri wa miaka 30, yamkini atakuzika.

Sasa tazama namna anavyopatikana. Wawindaji hupaka ulimbo kwenye matawi ambayo kasuku hutua, kisha humfunga kasuku mwingine hapo ili sauti yake iwaite wenzake. Wengine hupanda hadi tunduni na kuchukua makinda, na mara nyingine mti wenyewe huangushwa. Waliokamatwa hukatwa manyoya ya mbawa, husongwa ndani ya masanduku, na wengi hufa njiani kwa kiu, joto na msongamano. Anayefika dukani akiwa mzima ameacha wenzake maiti njiani. Mnunuzi haoni hayo. Yeye huona ndege mzuri mwenye mkia mwekundu, akalipa, akaondoka.

Katika miaka 40 hivi iliyotangulia 2016, zaidi ya kasuku milioni moja wa kijivu walisafirishwa kihalali kutoka Afrika kwenda nchi za nje, bila kuhesabu waliotoroshwa wala waliokufa kabla ya kupakiwa. Nchini Ghana, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kasuku hao walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji huo mwaka 2005, na mwaka 2007 ukaupiga marufuku moja kwa moja. Kisha katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, mataifa yalikubaliana kuzuia biashara yote ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2017.

Ulanguzi haukukoma kwa hayo. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, mashariki ya Kongo ambako ndugu zetu huzungumza Kiswahili kama sisi, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani waliookolewa, na ambacho hupokea pia kasuku walionyang'anywa walanguzi. Kasuku aliyekatwa mbawa hawezi kurudishwa msituni siku hiyo hiyo. Hana budi kulishwa, kutibiwa, kukaa na wenzake na kungojewa mpaka manyoya yaote upya na aweze kuruka. Binadamu mwenye mkasi humharibu kwa dakika moja, na kumtengeneza kunachukua miezi na miezi.

KASUKU SI KANDA YA KUREKODI

Hapa madrasani, mwanafunzi akihifadhi asichokielewa humwambia, "Usisome kama kasuku!" Mimi mwenyewe nimeyasema maneno haya mara nyingi. Baada ya safari ile nimeona kwamba tunamdhulumu kasuku.

Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu katika duka mjini Chicago, akampa jina la Alex. Alimfundisha kwa miaka 30, hadi Alex alipokufa mwaka 2007. Ndege yule aliweza kutaja rangi na maumbo, kuhesabu vitu hadi sita, na akionyeshwa vitu viwili aliweza kusema vinafanana kwa lipi na vinatofautiana kwa lipi. Hakuwa akirudia tu alichokisikia.

Kiumbe mwenye akili ya namna hiyo ukimfungia peke yake uani, bila mwenzake, bila kazi, bila mtu wa kuzungumza naye, anaumwa. Hujing'oa manyoya yake mwenyewe, huyumba huku na huku kutwa nzima, hupiga mayowe. Watu wa nyumbani husema, "Huyu ndege kawa mkorofi," wakamsogeza mbali zaidi. Na kumbe upweke ndio maradhi yenyewe.

Allah (S.W.) ametufundisha katika Suratul An'aam, aya ya 38, kwamba wanyama wote watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Aya hii wanafunzi wetu wengi wameihifadhi. Basi tujiulize: kati yetu na yule kasuku, ni nani hasa anayesoma bila ya kuelewa?

JE, KUFUGA NDEGE NI HARAMU?

Najua wapo watakaoniambia, "Maalim, unatuharamishia alichotuhalalishia Mtume." Nao wana hoja. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba alikuwa na ndugu yake mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na ndege wa kuchezea. Mtume (S.A.W.) akija nyumbani kwao humuuliza kwa upole habari za ndege wake. Hakumkataza. Kutokana na Hadithi hii wanazuoni wamesema inajuzu kufuga ndege. Mimi si wa kupinga hilo, na sisemi kwamba kila mwenye njiwa au kuku wa mapambo ana dhambi.

Lakini Hadithi haisomwi peke yake. Mtume huyo huyo (S.A.W.) ametueleza, katika Hadithi ya Ibn Umar (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Kosa lake halikuwa kufuga. Alimfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie mwenyewe. Tukizingatia vizuri tunapata sharti: ukimzuia kiumbe asijitafutie, basi kila alichokuwa akijitafutia kimekuwa juu yako. Kwa paka ni chakula na maji. Kwa kasuku ni zaidi ya hapo, kwa sababu umemzuilia pia wenzake, na hawezi kuishi vizuri bila ya wao.

Na ipo Hadithi ya tatu, aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Maswahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda wawili wa ndege. Mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa kwa dhiki. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe kwake. Mnunuzi wa kasuku wa porini na azingatie Hadithi hii kabla ya ile ya Abu Umayr. Kufuga ni suala moja, na namna ndege alivyopatikana ni suala jingine.

Tena liko suala la sheria ya nchi. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, hairuhusiwi kuweka mnyama au ndege wa porini bila ya kibali. Muislamu hutimiza ahadi na mikataba ya jamii anayoishi ndani yake. Mtu hawezi kumfundisha kasuku kusema "Bismillahi" hali ya kuwa kamnunua kwa kificho uchochoroni.

"NIMFUNGUE IJUMAA?"

Wiki mbili baada ya matembezi yetu, baba mmoja alinijia baada ya sala ya Isha. Mwanawe alikuwa amehadithia nyumbani habari za kasuku mwenye salamu. Kumbe naye alikuwa na kasuku, zawadi aliyoletewa na mwanawe mkubwa, aliyemnunua kwa mtu asiye na karatasi yoyote. Akaniambia, "Maalim, tangu nimesikia maneno yenu silali vizuri. Naona nimfungue Ijumaa hii akaende zake, nami nipate thawabu."

Nilimshukuru kwa moyo wake, lakini nilimwambia asifanye hivyo. Kasuku aliyelelewa kwa mkono hajui kutafuta chakula wala kumkimbia mwewe. Hapa Pwani hana kundi wala msitu wake. Kumfungua hapa ni sawa na kumtoa mtoto wa miaka mitano nje ya mlango usiku na kumwambia, "Uko huru." Angekufa kwa njaa katika siku chache, na sisi tungejiandikia thawabu.

Na hata akiweza kuishi, si kila ndege anayefunguliwa ugenini ni heri. Watu wa Pwani hatuhitaji kuambiwa hili kwa mbali, tunao kunguru. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, kisha wakaenea mwambao wote. Leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu, wananyakua vifaranga vya kuku uani, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Waliowaleta walidhani wanafanya jambo la maana.

Baba yule akaniuliza, "Sasa nifanyeje? Nikienda serikalini si nitashikwa?" Nilimwambia ukweli: huenda utaulizwa maswali, lakini kwenda mwenyewe kwa hiari si sawa na kufuatwa, na kuulizwa hapa duniani ni kwepesi kuliko kuulizwa kesho Akhera. Nikafuatana naye. Ndege akapokewa, maelezo yakaandikwa, tukarudi nyumbani. Njiani alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nitamkosa, Maalim. Alikuwa akiniamsha alfajiri." Sikumlaumu. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Ila mapenzi peke yake hayatoshi kumpa ndege haki yake.

NA HOTELI JE?

Isije ikaonekana kwamba ninawalaumu wazazi na kuwasifu wenye hoteli. Nilichokiona huko kina mazuri na kina mabaya.

Mazuri ni kwamba ndege wana vizimba vikubwa vyenye kivuli, wanapewa matunda, mboga na chikichi badala ya makombo ya mezani, na daktari wa wanyama huja kuwatazama. Kasuku wale watatu wa kijivu wamewekwa karibu karibu, wanaitana na kujibizana. Yule mwenye salamu, kwa maneno ya mtunzaji wake, ameanza kuota manyoya membamba mgongoni. Ndege wa namna hii hawana pa kurudi. Mwenye kuwapokea na kuwalisha ametenda wema, na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba katika kumhudumia kila kiumbe hai mna ujira.

Mabaya ni kwamba jioni wale kasuku wakubwa wa Amerika hutolewa na kuwekwa begani kwa kila mtalii mwenye kulipa apigwe picha. Mmoja akimaliza anakuja mwengine, na ndege hana ruhusa ya kukataa. Wanafunzi wetu wawili nao walitaka picha hiyo, nikawakatalia, wakaninunia mpaka ferini. Pia karibu na vizimba hivyo hupigwa muziki wa wageni hadi usiku wa manane, na ndege hawa wanahitaji usingizi wa saa kumi hadi kumi na mbili. Nilimwambia msimamizi haya kwa heshima. Alisikiliza, akasema picha ndizo zinazolipia chakula cha ndege.

Jawabu lake nimelifikiri sana. Ni kweli chakula kina gharama. Lakini mtu akimchukua yatima nyumbani kwake kisha akamfanya kitega uchumi, hatusemi kwamba amemlea. Wageni wangeweza kulipa kiingilio cha kuwatazama ndege kwa mbali, na kusomewa historia ya kila mmoja. Nina hakika sauti ya yule bibi marehemu ingewafunza zaidi kuliko picha ya begani.

Kwa hiyo, mwanafunzi, popote utakapoambiwa "hawa ni ndege waliookolewa", uliza maswali matatu. Je, wanaishi na wenzao wa jinsi yao? Je, wana mahali pa kujificha na kupumzika wasiguswe na watu? Na je, mwenye mahali hapo hununua ndege wapya ili kujaza vizimba? Akiwa ananunua, huyo haokoi. Anafanya biashara, na kila anayemnunua anamfungulia mwindaji nafasi ya kukamata mwengine.

NASAHA ZANGU

Kwa ufupi, nawausia ndugu zangu mambo yafuatayo:

1. Tusinunue kasuku wa porini, wala tusimwagizie mtu atuletee kutoka bara au Kongo, hata kama ni zawadi ya Idi. Asiponunuliwa hatakamatwa.

2. Aliye naye tayari asimtupe wala asimfungue. Aende kwa wahusika wa wanyamapori akaeleze hali yake na kufuata sheria.

3. Maadamu yuko mikononi mwako, mpe haki yake. Asikae peke yake, asikae gizani, apate jua la asubuhi na nafasi ya kunyoosha mbawa. Chakula chake kisiwe alizeti tupu, kwani alizeti peke yake humdhoofisha. Achanganyiwe matunda na mboga. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake, asipewe kabisa.

4. Kwa kuwa huenda akaishi kuliko wewe, andika katika wasia wako ni nani atakayemtunza, na umuulize mtu huyo kama anakubali. Yule bibi alimpenda kasuku wake, hilo halina shaka, kwani ndege hajifunzi salamu kwa mtu asiyezungumza naye. Lakini hakuacha wasia juu yake, na watoto wake wakarithi kitu wasichokijua.

5. Watoto wakusanye nyuzi zao za tiara, na wamwache bundi na kazi yake.

Wazazi wangu, watoto hawajifunzi rehma kwa kuisoma kitabuni tu. Huiona namna tunavyomtendea kiumbe asiyeweza kutushtaki mahakamani. Iwapo nyumbani kuna ndege anayejinyonyoa uani na hakuna anayejali, hapo mtoto amepata somo, na somo hilo litafuta masomo mengi ya madrasa.

Tulipokuwa tukiondoka hotelini siku ile, tulipita tena mbele ya kizimba. Kasuku akatuita kama mwanzo, kwa sauti ile ile: "Assalaamu alaykum! Karibuni, karibuni ndani!" Wenzake walikuwa wamekwishatangulia kwenye basi, lakini yule binti wa darasa la tano alisimama akajibu, "Waalaykumus salaam, bibi." Nilikuwa nimemfundisha kwamba si wajibu. Sikumkataza.

Tumuombe Allah (S.W.) amrehemu bibi yule na wazee wetu wote waliotangulia, atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana, na atupe nyoyo zenye huruma kwa waja wake na viumbe wake wote. Aamiin.